Waliberali na walibertari wa Marekani: wanaweza kudumu kambi moja?

#1 Bwana Shauri (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna hoja ambayo kila baada ya miaka michache huibuka kwenye siasa za Marekani, na tangu Trump atangaze ushuru wake wa forodha tarehe 2 Aprili 2025 imeibuka kwa nguvu: kwamba waliberali na walibertari waache kununiana, wawe kambi moja. Naiweka hapa tuijadili kwa kina, maana humu ndani tukizungumzia Marekani tunapima kila kitu kwa Democratic na Republican tu, wakati kuna kundi la tatu ambalo ushawishi wake unazidi sana kura zake.

Kwa asiyelifahamu kundi hilo: mliberali wa Marekani ndiye mpiga kura wa kawaida wa Democratic. Anataka serikali ilinde uhuru wa mtu binafsi, na papo hapo ikusanye kodi ya kutosha kugharamia matibabu, shule na wazee. Mlibertari anakubali nusu ya kwanza, nusu ya pili anaikataa. Kwake, serikali isiulize unalala na nani, isisikilize simu zako, isikupeleke vitani kwa lazima, na isitie mkono mfukoni mwako zaidi ya kulipia polisi, mahakama na ulinzi wa nchi. Chama chao kilianzishwa Colorado mwaka 1971 na hakijawahi hata kukaribia kushika urais. Kilele chao ni 2016, Gary Johnson alipopata kura karibu milioni 4.5, kama asilimia 3.3. Mwaka 2024 walishuka hadi asilimia 0.4.

Kwa miongo mingi walibertari walikaa upande wa kulia. Frank Meyer, mhariri wa jarida la kihafidhina la National Review, ndiye aliyeujengea hoja muungano huo miaka ya 1950 na 1960: wapenda soko huria na wahafidhina wa dini washikamane, adui ni ukomunisti. Umoja wa Kisovieti ukavunjika 1991, sababu ya kushikamana ikapungua. Kisha akaja George W. Bush na vita vya Iraq, usikilizaji wa simu za raia bila kibali cha mahakama, na matumizi makubwa ya serikali. Ndipo Desemba 2006 Brink Lindsey wa Cato Institute, kituo cha fikra cha walibertari, akaandika kwenye jarida la kiliberali la The New Republic kwamba walibertari wahamie kwa waliberali. Mjadala ukawa mkali, ila ndoa haikufungwa. Mwaka 2008 ukaja mtikisiko wa mabenki, 2010 ikaja sheria ya bima ya afya ya Obama, na kila upande ukarudi kwao.

Sasa hoja yangu. Watu wanauliza kama muungano huu *utawezekana*, kana kwamba haujawahi kufanya kazi. Umefanya, tena kwa mafanikio makubwa. Tatizo ni kwamba wanautafuta kwenye uchaguzi, na huko haupo.

Tazameni mwaka 1978. Tangu 1938 kulikuwa na bodi ya serikali, Civil Aeronautics Board, iliyokuwa ikiamua shirika gani la ndege liruke kutoka mji gani kwenda upi na kwa nauli gani. Wachumi wa soko huria walikuwa wakiipigia kelele bila kusikilizwa. Aliyeivunja si Reagan. Ni Seneta Ted Kennedy, mliberali wa damu, aliyefungua vikao vya kuihoji katikati ya miaka ya 70 akiwa na msaidizi wake Stephen Breyer, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Walionyesha jambo lililo wazi kwa kila abiria: ndani ya California na Texas, ambako bodi haikuwa na mamlaka kwa safari zisizovuka mpaka wa jimbo, nauli zilikuwa chini sana kuliko safari za umbali uleule zilizovuka mpaka. Ralph Nader, mtetezi wa walaji, aliunga mkono. Rais Carter alimweka Alfred Kahn kuiongoza bodi ileile na kuilegeza kutoka ndani, na Oktoba 1978 akatia saini sheria. Mwisho wa 1984 bodi ikafungwa kabisa. Malori na reli vilifuata 1980.

Kennedy hakuhitaji kura za walibertari hata moja. Alichokuwa akikihitaji ni hoja na ushahidi, na wao walikuwa navyo kabatini tayari. Alivitumia kwa sababu zake mwenyewe: abiria wa kawaida anatozwa nauli kubwa ili mashirika makubwa yasishindane.

Kadhalika kuandikisha vijana jeshini kwa lazima. Milton Friedman na Alan Greenspan, wachumi wa soko huria, walikaa kwenye tume ya Gates iliyoundwa na Nixon, tume ikapendekeza jeshi la kujitolea, na 1973 ulazima ukaisha. Nje ya ukumbi wa tume, walioufanya ulazima huo usivumilike ni vijana wa mrengo wa kushoto waliojaa barabarani kupinga vita vya Vietnam. Hawakuwa chama kimoja wala hawakupendana.

Na kwa nini ndoa kamili inashindikana? Nitatoa mfano mmoja ambao kwangu unatosha. Randy Barnett, profesa wa sheria, mlibertari. Kwenye kesi iliyoamuliwa 2005, alisimama Mahakama ya Juu kumtetea Angel Raich, mgonjwa wa California aliyekuwa akitumia bangi kama dawa kwa ruhusa ya jimbo lake. Hoja yake: mamlaka ya Bunge la shirikisho ya kusimamia biashara kati ya majimbo hayafiki kwenye mmea unaolimwa na kutumika nyumbani. Mtu angetegemea majaji waliberali wamuonee huruma mgonjwa. Wote wanne walipiga kura dhidi yake! Miaka saba baadaye, 2012, Barnett huyohuyo alikuwa miongoni mwa mawakili walioishambulia sheria ya bima ya afya ya Obama, kwa hoja ya ukoo uleule: mamlaka hayohayo ya biashara hayamlazimishi mtu kununua bima. Safari hii majaji watano walikubali sehemu hiyo ya hoja, na sheria ikaponea kwenye mamlaka ya kutoza kodi.

Majaji waliberali hawakumchukia Angel Raich. Walijua kwamba wakikata kamba ile kumwokoa yeye, kamba hiyohiyo ndiyo inayoshikilia sheria za kazi, za mazingira, hata ile ya 1964 iliyozuia hoteli na migahawa kubagua watu weusi. Hapo ndipo pana shimo. Si suala la tabia wala la kutoelewana. Chombo ambacho mmoja anakiona silaha ya kumkandamiza mtu, mwenzake anakiona ndicho kilichomkomboa mtu.

Karibuni.

#2 Nahodha

Mkuu, uzi mzuri, ila naomba kutofautiana na wewe. Umeandika kana kwamba mambo bado ni ya 2006. Leo suala si bei ya tiketi wala bangi. Suala ni kama rais mmoja anaweza kutangaza kodi kwa dunia nzima bila Bunge.

Angalia kesi ya ushuru. Waliofungua ile ya wafanyabiashara wadogo ni Liberty Justice Center, walibertari, pamoja na Ilya Somin, profesa wa George Mason. Upande mwingine Oregon na majimbo mengine yenye wanasheria wakuu Wademokrati wakafungua ya kwao. Mei 2025 Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ikawapa ushindi wote kwa pamoja, Agosti mahakama ya rufani ikakubali kwa kura 7 kwa 4. Novemba 5 walipofika Mahakama ya Juu, aliyesimama kuwasemea wafanyabiashara wa kesi ya walibertari alikuwa nani? Neal Katyal, aliyekuwa kaimu wakili mkuu wa serikali mbele ya mahakama hiyo enzi za Obama! Kesi ya walibertari, mdomo wa Mdemokrati. Huo si muungano?

Meyer aliwaunganisha watu kwa hofu ya Moscow na muungano ukadumu zaidi ya miaka 30. Hofu ya rais asiyezuilika inaweza kudumu vilevile.

#3 Msusi wa Houston

Kaka zangu, mimi nasuka nywele huku Texas, siasa zao nazijua kwa mikono, naombeni niongeze.

Zamani huku ukitaka kufundisha usukaji, sheria ilikutaka uwe na chuo cha kinyozi kamili: futi za mraba 2,000, viti 10 vya kunyolea, masinki 5. Kwa kusuka! Sisi hatukati, hatutii dawa, sinki la nini? Mama mmoja wa Dallas, Isis Brantley, alikamatwa na polisi 1997 kwa kusuka bila leseni. Amepigana miaka mingi, na waliomsimamia mahakamani bure ni Institute for Justice, mawakili wa kilibertari. Januari 2015 jaji wa shirikisho akasema masharti yale hayana maana, na mwaka huohuo jimbo likafuta leseni ya usukaji kabisa. Sisi akina mama tuliokuja na vidole tu, tusio na fedha za kulipia chuo, tunakula kwa sababu ya kesi ile.

Na si wao peke yao. Julai 2015 Ikulu ya Obama ilitoa ripoti kwamba zaidi ya mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani anahitaji leseni ili afanye kazi yake, wakati miaka ya 1950 walikuwa chini ya asilimia 5. Kwa hiyo pande zote mbili zililiona.

Lakini sikilizeni. Texas haijapanua Medicaid, ile bima ya watu wa kipato cha chini, ingawa sheria ya Obama iliruhusu na serikali kuu ingelipa sehemu kubwa. Msusi wa kulipwa kwa kichwa hana mwajiri wa kumkatia bima. Akiumwa mgongo (na kazi hii inavunja mgongo) anameza dawa za maumivu na kurudi kwenye kiti. Ukiwauliza wataalamu wa Cato, watakwambia kupanua Medicaid ni kosa. Basi mrengo mmoja umenifungulia mlango wa kazi, na mrengo huohuo hautaki nipate daktari. Mleta uzi, wewe umesema shimo lipo kwenye hoja za mawakili. Mimi naliona kwenye maisha ya mtu mmoja, siku moja.

#4 Kisima cha Mjini

Dada, umenena. Mimi nashangaa hata kwa nini tunajadili walibertari kama kitu kimoja. Mei 2022, kwenye mkutano wao wa Reno, kundi la Mises Caucus lilikiteka chama chao. Hao wengi wao hawana mpango na waliberali hata kidogo, wanawaona ndio adui. Mei 2024 wakamwalika Trump ahutubie mkutano mkuu wao Washington. Ukumbi ulimzomea, ni kweli, lakini aliahidi kumtoa jela Ross Ulbricht, yule wa Silk Road, soko la mtandaoni la dawa za kulevya, na Januari 2025, siku moja baada ya kuapishwa, akampa msamaha kamili. Ndiyo biashara iliyofanyika. Waliberali waungane na nani hapo?

Hata Murray Rothbard, mmoja wa mababa wa fikra zao, miaka ya 60 alikaa na vijana wa mrengo wa kushoto kupinga vita vya Vietnam. Ilipofika 1992 alikuwa akimpigia debe mhafidhina Pat Buchanan. Historia yao ni ya kwenda na kurudi.

#5 Kibarua wa Ujerumani

Nchi ninayoishi imejaribu kitu kinachofanana, tena serikalini kabisa. FDP, chama cha soko huria na uhuru wa raia, si walibertari wa Kimarekani lakini ni binamu zao. Waliingia serikalini na SPD, chama cha mrengo wa kushoto cha Willy Brandt, mwaka 1969. Wakadumu miaka 13! Kilichowashika ni sera ya kusogeleana na nchi za mashariki na mageuzi ya sheria za familia na za jinai. Kilichowavunja ni bajeti. Septemba 1982 waziri wa uchumi wa FDP, Otto Graf Lambsdorff, alitoa waraka wa kubana matumizi ya ustawi wa jamii, na Oktoba 1 FDP ikamwangusha Kansela Helmut Schmidt wa SPD na kumweka mhafidhina Helmut Kohl.

Wakajaribu tena Desemba 2021, safari hii na SPD na chama cha Kijani cha watetezi wa mazingira. Haikufika miaka mitatu. Novemba 6, 2024 Kansela Scholz alimfukuza Christian Lindner, waziri wa fedha. Ugomvi? Bajeti tena, na kikomo cha deni kilichomo kwenye katiba. Februari 2025 FDP ikapata asilimia 4.3, chini ya 5 zinazotakiwa kuingia Bungeni, ikatoka nje kabisa.

Kwa hiyo wanaweza kudumu, ila muda unaolingana na orodha ya mambo ya uhuru yaliyosalia kufanywa. Orodha ikiisha inabaki hesabu ya fedha, na hapo hawapatani.

#6 Bwana Shauri (mleta uzi)

Wakuu, mmenipa vitu vizito. Nianze na dada wa Houston kwa sababu yeye ndiye aliyeigusa roho ya jambo. Dada, mfano wako unanifanya niseme wazi nilichokizunguka: sioni aibu yoyote mtu kuchukua mkono wa walibertari kwenye leseni na kuukataa kwenye Medicaid. Waliberali wengi wanaona ni unafiki kushirikiana na watu wanaopinga bima ya afya. Mimi naona kinyume. Anayekataa msaada wa kumtoa msusi mahabusu kwa sababu wakili wake hakubaliani naye kuhusu kodi, anamwadhibu msusi.

Na jambo hilo limeshafanyika kwa wafungwa. Mwaka 2015 Koch Industries, kampuni ya mabilionea wanaofadhili hoja za kilibertari, walikaa meza moja na Center for American Progress, kituo cha fikra cha Wademokrati, na ACLU, shirika la kutetea haki za raia, katika umoja wa kupunguza watu magerezani. Desemba 2018 ikapita sheria ya First Step, vifungo vya dawa za kulevya vikapunguzwa. Akina Koch na waliberali waliendelea kupambana kwenye kodi na hali ya hewa wiki hiyohiyo.

Kibarua, Ujerumani inafaa sana, ila tofauti ni moja kubwa. Kule chama cha asilimia 6 kinapata viti, kwa hiyo kina cha kuuza. Marekani mshindi wa jimbo anachukua chote. Walibertari hawana viti vya kuleta mezani. Justin Amash wa Michigan ndiye mbunge pekee aliyewahi kukaa Bungeni kwa jina la chama chao, 2020, na hilo ni baada ya kuchaguliwa kama Mrepublikani. Lakini mtazame alichokifanya. Julai 2013 yeye na John Conyers, Mdemokrati mkongwe wa Detroit, walipeleka pendekezo la kuzuia NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano, kukusanya rekodi za simu za kila raia. Lilishindwa kwa 205 dhidi ya 217, na kati ya hao 205, Wademokrati walikuwa 111 na Warepublikani 94. Miaka miwili baadaye Bunge likapitisha sheria ya kukomesha ukusanyaji ule. Juni 2020, baada ya kifo cha George Floyd, Amash na Ayanna Pressley wa Boston wakaleta muswada wa kufuta kinga inayowalinda polisi wasidaiwe fidia. Hakuna chama kilichowaagiza.

Kuhusu wingi wao, wachambuzi wamebishana miaka mingi. David Boaz wa Cato na mwenzake walihesabu 2006 wakapata kama asilimia 13 ya wapiga kura. Lee Drutman alipopanga wapiga kura wa 2016 kwa misimamo yao ya uchumi na ya utamaduni, waliotaka uhuru pande zote mbili walikuwa chini ya asilimia 4. Waliokuwa kinyume chao, wanaotaka serikali iwasaidie na utamaduni ubaki wa zamani, walikuwa karibu asilimia 29. Mwanasiasa wa Democratic anayetafuta kura anajua awafuate akina nani.

#7 Nahodha

Mkuu, hapo kwenye kura unakwenda haraka. Georgia 2020 Biden alishinda kwa kura kama 11,800. Mgombea wa Libertarian, Jo Jorgensen, alipata zaidi ya 62,000 jimboni humo. Novemba 2022, Georgia hiyohiyo, Chase Oliver wa Libertarian alipata kura kama 81,000 kwenye uchaguzi wa Seneti, zikatosha kuwalazimisha Warnock wa Democratic na Walker wa Republican warudie uchaguzi Desemba. Watu wachache, lakini wapo mahali mizani inapolalia. Democratic ikiweka mezani biashara huru, nyumba na mipaka ya mamlaka ya rais, wale hawawezi kusogea?

Na nyumba hujazitaja kabisa. Minneapolis ilikubali mwishoni mwa 2018 kuondoa sheria ya mitaa inayoruhusu nyumba za familia moja tu. California 2021 ikafuata, na 2025 Gavana Newsom akalegeza sheria ya mazingira iliyokuwa ikitumika kukwamisha majengo ya makazi mijini. Hizo ni hoja walizokuwa nazo walibertari miaka na miaka, sasa zinapitishwa na Wademokrati kwa kura za Wademokrati.

#8 Msusi wa Houston

Kaka Nahodha, Houston haijawahi kuwa na sheria ya mipango miji ya aina hiyo, na kodi ya nyumba huku bado inanibana. Ila ukilinganisha na wenzangu waliokwenda California, wao wanalia zaidi. Kwa hiyo siwezi kukupinga.

#9 Bwana Shauri (mleta uzi)

Nahodha, ushahidi wako wa nyumba unaniunga mkono mimi: hoja zao zimehamia, wao hawakuhamia. Na kura za Georgia haziuziki kwa mafungu. Aliyempigia Jorgensen aliona majina ya Trump na Biden kwenye karatasi akayapita yote mawili. Mtu huyo hana kiongozi wa kumwambia sogea. Ingekuwa Maine au Alaska, ambako mpiga kura anapanga wagombea kwa namba na chaguo lake la pili linahesabiwa, ningekubali kwamba kuna cha kujadiliana. Georgia hawana utaratibu huo.

Lakini kwenye ushuru umenigusa, na ndipo ningependa tuangalie miaka ijayo. Sheria ya dharura ya kiuchumi ambayo Trump aliitumia ilitiwa saini na Carter, 1977. Ushuru aliouweka Trump dhidi ya China 2018 chini ya sheria nyingine, Biden hakuufuta. Aliubakiza, na Mei 2024 akatangaza kupandisha ule wa magari ya umeme ya China hadi asilimia 100. Vyama vya wafanyakazi vya Michigan na Ohio vilishangilia, na Mdemokrati hapati Ikulu akiwaudhi watu wa Michigan. Leo Mdemokrati yuko nje ya Ikulu, kusimama na Somin mahakamani hakumgharimu kitu. Nataka kumwona Mdemokrati aliyeko Ikulu, ana wingi Bungeni, anatia saini sheria inayomnyang'anya yeye mwenyewe kalamu ya ushuru na kuirudisha kwa Bunge. Muswada ukifika mezani kwake akausaini, Nahodha, nitafungua uzi mwingine humu na kukupa haki yako. Mpaka sasa sijasikia mgombea wao mkubwa anayeuahidi.

#10 Nahodha

Sawa mkuu. Na mimi nitakuwa nikifuatilia nani kati yao atautaja huo muswada kwenye kampeni za 2028.